Irkutsk: Boma la Kodi Lililokua Likawa Mji Mkuu

Mtu wa Kigoma hukua akiambiwa kwamba ziwa lake ni la pili duniani kwa kina: mita 1,470. La kwanza ni Baikal, huko Siberia, mita 1,642. Tangu shule ya msingi jina hilo lilinikaa kichwani kama jina la mtu aliyetushinda bila sisi kumwona uso. Nilikwenda kumwangalia mshindi huyo. Lakini kabla ya kufika ziwani, msafiri hupitia mji wa Irkutsk, na mji huo ulinishika kuliko nilivyotazamia. Ndio ninaotaka kuwaonyesha wasomaji, pamoja na ziwa lenyewe.

Nilifuatana na mjomba wangu, ambaye alisomea huko uhandisi wa migodi katika miaka ya themanini, enzi za Usovieti. Kirusi chake kimepata kutu kidogo, ila bado kinafungua milango.

Stesheni, ng'ambo ya mto

Tulitoka Krasnoyarsk jioni, na usiku kucha treni ilipita msituni. Kulipopambazuka msitu ulikuwa bado upo. Ilikuwa mwisho wa Septemba, majuma ambayo berioza, ule mti wa gome jeupe, hugeuka manjano wote kwa pamoja, huku misonobari ikibaki na kijani chake kizito. Watu wa huko huuita msitu huu taiga. Unapita vijiji vya nyumba za magogo, kila moja na rundo la kuni lililopangwa hadi kwenye paa, kwa sababu baridi iko njiani inakuja na kila mtu anajua.

Stesheni ya Irkutsk iko kilomita 5,185 kutoka Moscow kwa reli. Ukitoka nje hukutani na mji bali na mto Angara, mpana, wenye maji ya kasi na baridi. Mji wenyewe uko ukingo wa pili. Reli ilifika hapa mwaka 1898, na wakati huo Irkutsk ilikuwa imeshatimiza zaidi ya karne mbili. Reli ndiyo iliyoufuata mji, ikasimama ng'ambo. Daraja la kudumu lilingojewa mpaka 1936.

Kwenye daraja hilo mjomba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mjomba, maji haya yametoka Baikal jana." Ndivyo ilivyo. Mito zaidi ya mia tatu huingia Baikal, na unaotoka ni mmoja tu, Angara. Tanganyika nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo.

Ukingo wa Angara, mahali pa boma

Asubuhi iliyofuata tulianzia pale mji ulipoanzia. Kwenye ukingo, kuna sanamu ya Mkozaki, mmoja wa askari wa mpakani wa Tsar, aliyevaa joho la manyoya. Ni Yakov Pokhabov, ambaye mwaka 1661 alisimamisha hapa boma la magogo, mkabala na mahali mto Irkut unapoingia Angara. Warusi huliita boma la aina hiyo ostrog.

Kilichowaleta Wakozaki hadi huku, miezi na miezi kutoka Moscow, ni mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Warusi humwita sobol. Ngozi yake yenye manyoya laini meusi ilithaminiwa sana katika nyumba za wafalme, na hazina ya Tsar ilizitegemea ngozi hizo. Wenyeji wa nchi, Waburiati na mataifa mengine ya msituni, walitakiwa kuzitoa kila mwaka kama kodi. Ili kodi isikosekane, watu wa koo mashuhuri walichukuliwa mateka wakafungiwa ndani ya boma, na ndugu zao walipoleta ngozi ndipo walipoonyeshwa kwamba jamaa zao bado wako hai.

Historia inayosimuliwa mjini husema kwamba mkuu mmoja wa hapa, Yandash, ndiye aliyeomba boma lijengwe kwenye ardhi yake, limkinge dhidi ya watoza kodi wa Kimongolia. Naikubali habari hiyo, ila lazima isomwe pamoja na nyingine. Miaka mitatu kabla ya Irkutsk kujengwa, katika boma la Balagansk lililo chini zaidi ya mto huu huu, Pokhabov mwingine, Ivan, aliwatesa Waburiati hata wakahama kwa wingi kukimbilia Mongolia. Anayechagua kati ya watoza kodi wawili hachagui uhuru.

Hatua chache kutoka kwenye sanamu lipo kanisa la Spasskaya, lililoanza kujengwa kwa mawe mwaka 1706. Ukuta wake una picha upande wa nje, jambo la nadra katika makanisa ya Kirusi, na wenyeji husema moja kati ya picha hizo inaonyesha Waburiati wakibatizwa. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Katika eneo zima la katikati ya mji wa zamani, hiyo ndiyo picha kubwa ya Waburiati niliyoiona, nao wako majini, wamevuliwa nguo, wakipokea.

Irkutsk ilipewa hadhi ya mji mwaka 1686. Mwaka 1764 ikawa makao ya jimbo. Kisha mwaka 1822, kwa mageuzi ya Mikhail Speransky, Siberia ikagawanywa sehemu mbili, na Irkutsk ikawa mji mkuu wa Siberia yote ya Mashariki. Ukitazama ramani ya wakati ule unashangaa: gavana mkuu aliyekaa kwenye jumba jeupe la nguzo, hapa ukingoni, alitawala mpaka Yakutsk na Kamchatka, na kutoka ofisi hizi mambo ya Alaska yalikuwa karibu kuliko yalivyokuwa ikulu. Jumba hilo lipo. Nikolai Muravyov, gavana mkuu kuanzia 1847, aliishi humo, naye ndiye aliyetia saini mkataba wa Aigun mwaka 1858, Uchina ikaipoteza ardhi ya ukingo wa kushoto wa mto Amur. Baadaye jumba likawa maktaba ya chuo kikuu kilichoanzishwa hapa mwaka 1918. Mjomba alisomea mitihani yake humo. Anakumbuka meza iliyokuwa karibu na bomba la joto na jinsi wanafunzi walivyoigombea.

Ust-Ordynsky

Picha ya ukutani haikunitoka, kwa hiyo tuliacha mji siku moja tukaenda kaskazini-mashariki, Ust-Ordynsky, kijiji kikubwa cha Waburiati. Msitu hupungua, mbuga ya majani makavu inafunguka, na unaanza kuona farasi na ng'ombe wakila majani bila uzio. Njiani zimesimama nguzo za mbao zilizofungwa vitambaa vya buluu, vyeupe na vya manjano. Dereva wetu, Mburiati wa makamo, alisimamisha gari, akashuka, akadondosha matone ya maziwa chini kwa kidole cha pete, akarudi kimya akaendelea kuendesha. Alikuwa anawapa wenye mahali haki yao.

Katika makumbusho ya kijiji mama mmoja mtunzaji alituonyesha mikanda ya fedha, matandiko ya farasi, ngoma za waganga. Mjomba alimweleza tulikotoka. Akauliza kama nasi tulilipa kodi ya ngozi. Mjomba akamjibu kwamba yetu Mjerumani aliidai kwa nyumba, na kwamba Kiswahili hadi leo kinaziita ofisi za wilaya bomani. Mama yule alicheka, kisha akatukaribisha chakula, na nadhani alikuwa ametuelewa kuliko wote tuliokutana nao safari nzima.

Chakula chenyewe ni pozy: nyama iliyokatwa-katwa na vitunguu, ikafungwa kwenye unga mwembamba na kupikwa kwa mvuke. Huliwa kwa mkono. Unang'ata tundu dogo, unafyonza mchuzi wa moto kwanza, ndipo unakula. Chai yao ni ya maziwa, tofauti na chai kavu ya Warusi, na mtu wa kwetu anajisikia nyumbani. Mama alituambia wilaya yao ilikuwa na mamlaka yake hadi ilipounganishwa na mkoa wa Irkutsk mwaka 2008. Hakutoa maoni. Alituongezea pozy.

Mtaa Mkuu na mitaa ya nyuma

Tuliporudi mjini tulishinda tukitembea kwa miguu. Mtaa mkubwa siku hizi huitwa Karl Marx. Zamani uliitwa Mtaa Mkuu tu. Hapa ndipo pesa ya chai ilipogeuzwa kuwa mawe. Baada ya mkataba wa 1727 kati ya Urusi na Uchina, biashara ilipitishwa mpakani Kyakhta, kusini ya Baikal. Chai iliyogandamizwa kuwa matofali ilibebwa hadi huko kwa misafara, ikavushwa ziwa, ikapita Irkutsk, ikaendelea magharibi. Manyoya yakarudi Uchina. Wafanyabiashara wakawa na sauti kuliko maafisa, na wengine walikuwa na macho ya mbali. Vladimir Sukachev, aliyekuwa meya kuanzia 1885, alikusanya picha za kuchora na kuwafungulia watu nyumba yake wazitazame. Jumba la sanaa la mji hadi leo lina jina lake.

Mwaka 1879 mji uliungua. Moto wa Julai ulikula sehemu kubwa ya katikati kwa siku chache, makanisa, shule, masoko, hata makumbusho na maktaba ya chama cha jiografia pamoja na kumbukumbu za miaka mingi. Ndiyo maana Mtaa Mkuu ni wa matofali na mawe: ulijengwa upya baada ya kuogopa.

Mbao zilihamia mitaa ya nyuma, na huko ndiko ninakomshauri kila mtu aende. Nyumba za magogo zenye umri wa zaidi ya karne zimejipanga, vizingiti vya madirisha yake vimechongwa nakshi za maua, mawimbi na ndege, vikapakwa buluu au kijani. Nyingine zimezama ardhini mpaka dirisha limefika usawa wa barabara, ukipita unaona paka na chungu cha maua kwenye kiwiko cha mguu wako. Watu bado wanaishi humo, na kwenye kona nyingine bado wanateka maji ya bomba la mtaani. Baadhi zimeachwa zioze hadi ziporomoke, kwa kuwa kiwanja kina bei kuliko nyumba. Hilo liliniumiza. Upande mwingine wa mji, mtaa mzima wa nyumba za mbao, Kvartal 130, ulijengwa upya na kufunguliwa mwaka 2011, mji ulipotimiza miaka 350. Ni msafi, una migahawa, na mbele yake pamesimama sanamu ya babr, mnyama wa nembo ya mji, chui milia mwenye sobol mdomoni. Watoto humpanda mgongoni. Kodi ya karne ya kumi na saba ingali inaning'inia kwenye meno yake.

Nyumba ya akina Volkonsky

Tarehe 14 Desemba 1825 maafisa wa jeshi, wengi wao wa nyumba za kikabaila, walijaribu kumlazimisha Tsar mpya, Nikolai wa Kwanza, akubali katiba. Walishindwa siku hiyo hiyo. Watano walinyongwa, zaidi ya mia moja walitupwa Siberia, baadhi yao wakiwa na minyororo miguuni, wakachimbe madini huko Nerchinsk.

Wake kadhaa waliamua kuwafuata. Sharti walilopewa lilikuwa zito: waache vyeo, waache mali, waache watoto, na watakaozaliwa Siberia wasihesabiwe watu wa ukoo bora. Ekaterina Trubetskaya alitangulia, na gavana wa Irkutsk akamzuia hapa mjini kwa miezi, akimtisha na kumbembeleza arudi. Hakurudi. Maria Volkonskaya alimwacha mtoto mchanga, ambaye hakumwona tena, kwani alifariki mwaka 1828. Alipomkuta mumewe mgodini alipiga magoti akabusu minyororo kabla ya kumbusu yeye.

Adhabu ya mgodini ilipokwisha waliruhusiwa kuishi karibu na Irkutsk, na nyumba ya akina Volkonsky, iliyojengwa kijijini Urik, ilivunjwa ikahamishiwa mjini. Tuliingia asubuhi, bila wageni wengine. Ni nyumba kubwa ya mbao ya rangi ya kijivu, ina chumba cha maua chenye vioo, na piano iliyosimama wima mithili ya mnara. Maria aliifanya iwe mahali pa muziki, tamthilia na mazungumzo. Mumewe Sergei, aliyekuwa jenerali, alipenda zaidi shamba, akalima, akazoea kukaa na wakulima na kupiga soga nao sokoni.

Naamini hapa ndipo boma la kodi lilipogeuka mji. Ofisi na bendera vilikuwepo tangu zamani, na magavana walikuja na kuondoka, wengine wakiwa wezi. Naibu gavana Zholobov alikatwa kichwa mwaka 1736 kwa ulaji wake. Waliotupwa huku kwa adhabu ndio waliokaa wakafundisha watoto, wakapanda mboga zisizojulikana, wakakusanya vitabu. Baada yao walikuja Wapolandi walioasi mwaka 1863. Mmoja wao, Benedykt Dybowski, alianza kuwachunguza viumbe wa Baikal akiwa bado mfungwa wa uhamisho, akawafungulia wanasayansi mlango wa ziwa lile.

Znamensky

Trubetskaya hakuishi hata kuuona msamaha waliopewa waasi wale mwaka 1856. Alifariki mwaka 1854 na kuzikwa kwenye monasteri ya Znamensky, mahali mto mdogo Ushakovka unapoungana na Angara. Kaburi lake lina uzio mdogo wa chuma, na siku ile lilikuwa na maua mabichi. Jirani yake, chini ya mnara wa mawe, amelala Grigory Shelikhov, mfanyabiashara aliyeanzisha makazi ya Warusi Alaska na kufariki hapa mwaka 1795. Nje ya lango imesimama sanamu ya Admirali Kolchak, aliyeongoza serikali ya Weupe, wapinzani wa Wabolsheviki, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alipigwa risasi karibu na hapa tarehe 7 Februari 1920, na maiti ikatumbukizwa chini ya barafu. Bibi mmoja anayeuza mishumaa alitupungia mkono twende kwanza kwa Trubetskaya. Tulikuwa tumeshakwenda, lakini tulirudi tena.

Taltsy

Barabara ya Baikal hupanda na kushuka msituni. Kwenye kilomita ya 47 kuna Taltsy, makumbusho ya majengo ya mbao yaliyokusanywa kutoka vijiji vya bonde la Angara. Vingi kati ya vijiji hivyo vimelala chini ya maji ya mabwawa ya umeme. Mnara wa lango la boma la Ilimsk, uliojengwa 1667, uliokolewa kabla ya mji wa Ilimsk kufunikwa na maji.

Ukiingia chini ya mnara huo unaelewa mara moja kitu ambacho sanamu ya ukingoni haiwezi kukuambia. Magogo ni mazito, yamechongwa kwa shoka, matundu ya kufyatulia risasi ni membamba, na mlango ni wa chini kiasi cha kumfanya kila anayeingia ainamishe kichwa. Unaelewa pia jinsi wale waliojenga walivyoogopa.

Hapo Taltsy zamani palikuwa na kiwanda cha kioo cha mwanasayansi Kirill Laxman. Mwaka 1789 waliletwa Irkutsk Wajapani ambao jahazi lao lilipotezwa na dhoruba, wakiongozwa na nahodha Daikokuya Kodayu. Japani wakati ule ilikuwa imejifungia. Laxman aliwahurumia, akampeleka Kodayu hadi St. Petersburg mbele ya Malkia Catherine kuomba ruhusa ya kurudi kwao, na mwaka 1792 yeye na baadhi ya wenzake wakarudishwa kwa meli. Mji uliozoea kushika mateka uliwarudisha watu hawa makwao, na mimi nauhesabia wema huo.

Listvyanka

Kisha ziwa. Angara inapotoka Baikal ina upana wa karibu kilomita moja, na katikati ya mkondo kinajitokeza kichwa cha jabali, Jiwe la Mganga. Waburiati husimulia kwamba Baikal, baba mzee, alilirusha jiwe hilo kumzuia binti yake Angara asitoroke kwenda kwa mpenzi wake Yenisei. Zamani jiwe hilo lilionekana kubwa zaidi. Bwawa la Irkutsk lililomalizika katika miaka ya hamsini lilipandisha maji ya ziwa kwa takriban mita moja.

Maji ni safi hivi kwamba unahesabu mawe yaliyo chini. Nilichota kwa kiganja nikanywa. Baridi ilifika kwenye meno. Ng'ambo milima ilikuwa na theluji ya kwanza. Ukubwa ule naujua, kwa maana nimezaliwa kando ya maji yasiyo na mwisho, lakini harufu si yetu: hakuna dagaa wanaokauka, hakuna joto linalopanda kutoka mchangani. Kuna moshi wa samaki. Sokoni wanauza samaki wa kukausha kwa moshi, nyama laini yenye mafuta, pamoja na mbegu za msonobari. Omul, samaki mashuhuri wa Baikal, uvuvi wake wa kibiashara ulipigwa marufuku mwaka 2017 ili azaliane. Muuzaji alilalamika, nami nikamwambia kwamba ziwa letu nalo lilifungwa miezi mitatu mwaka 2024, na wavuvi wetu walilalamika vivyo hivyo.

Hapa Listvyanka ndipo palipounganishwa meli mbili za kuvunja barafu, Baikal na Angara, zilizotengenezwa Newcastle, Uingereza, zikaletwa vipande vipande kwa reli na mito ili zivushe treni na abiria kuanzia 1900, kabla reli ya kuzunguka ziwa haijakamilika. Mjomba na mimi tulitazamana. Liemba yetu ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa kwenye makasha hadi Kigoma, ikaunganishwa, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa, ikaopolewa. Meli ya Baikal iliungua mwaka 1918. Angara bado ipo, imefungwa Irkutsk kama makumbusho, nasi tulikuwa tumepita kando yake bila kujua udugu wake na ya kwetu.

Port Baikal

Kivuko kidogo hukuvusha hadi Port Baikal. Reli ya ukingoni, yenye mahandaki zaidi ya thelathini yaliyotobolewa kwenye mwamba, ilikamilika 1905. Majira ya baridi ya 1904, Urusi ikipigana na Japani, walitandika reli juu ya barafu na kuvuta mabehewa kwa farasi. Bwawa lilipojengwa, kipande cha kutoka Irkutsk hadi hapa kilifunikwa na maji, na njia iliyokuwa uti wa mgongo wa dola ikabaki kipande kisichounganika na mji. Treni ndogo bado hupita. Tulitembea juu ya mataruma hadi kwenye handaki la kwanza, mjomba akigonga ukuta wake kwa kifundo cha kidole, akiusifu ujenzi wa mawe yasiyotiwa ovyo.

Atakayekwenda nampa mpango tofauti na wetu. Aanzie Taltsy, chini ya mnara wa Ilimsk, kisha Ust-Ordynsky, na baada ya hapo ndipo aingie Irkutsk na kusimama mbele ya ukuta wa Spasskaya. Mitaa ya mbao aiendee mapema, mwaka huu au ujao, kwa sababu kila majira ya baridi nyumba zinapungua.